Nyota ya Mkia na Macho ya Wanavisiwa

Wakaazi wa visiwa tangu zama za kale si wageni wa mbingu. Manahodha walioteremka na kaskazi kutoka Bara Arabu na Bara Hindi, kisha wakarejea na kusi, walizitegemea nyota usiku kama walivyoutegemea upepo mchana. Nyota ya Suheli ilifahamika sana hata jina lake likawa jina la upande wa kusini katika lugha yetu. Mkulima naye alikuwa na kalenda yake huko juu, na mpaka leo wazee hutukumbusha kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Elimu hiyo yote ilipatikana kwa macho ya watu waliokesha, wakatazama, wakakumbuka, kisha wakawafundisha watoto wao.

Katika safu hii leo twapenda kuzungumza juu ya mgeni mmoja wa mbinguni ambaye hata katika zama hizi za mashine bado anahitaji macho ya mtu wa kawaida. Mgeni huyo ni nyota ya mkia. Twazungumza na wananchi kwa jumla, lakini twazungumza pia na viongozi wa Serikali, kwa sababu kuna jambo ambalo lisipofanywa mapema, wajukuu wetu watalisoma vitabuni tu.

Kwanza yafaa tusafishe majina. Mitaani nyota ya mkia huchanganywa mara nyingi na kimondo. Kimondo ni chembe au jiwe liingialo katika hewa ya dunia na kuwaka kwa nukta chache, na mara chache sana kipande hufika ardhini, kama lile pande kubwa la chuma la Mbozi, mkoani Songwe, lenye urefu wa mita 3 hivi. Nyota ya mkia haipiti mbio namna hiyo. Hukaa mbinguni siku nyingi, wiki, hata miezi, ikihama kidogo kidogo usiku baada ya usiku. Wala si nyota hasa. Ni donge la barafu na vumbi, kwa kawaida la kilomita chache tu, lizungukalo jua kwa njia iliyovutika sana. Likikaribia jua barafu yake hugeuka mvuke, mvuke huo huchukua vumbi pamoja nao, na donge hilo dogo hujizungushia wingu linaloweza kuwa pana kuliko dunia yetu mara nyingi. Kutoka katika wingu hilo mkia hunyooka mamilioni ya kilomita, na daima huelekea upande ulio mbali na jua. Mara nyingi huwa mikia miwili: mmoja wa vumbi, uliopinda na wenye rangi ya manjano, na mwingine wa gesi, ulionyooka na wenye rangi ya buluu. Mwezi wa Machi 1986 chombo cha nchi za Ulaya kiitwacho Giotto kiliipita kwa karibu nyota ya mkia ya Halley, kikaona donge lenye urefu wa kilomita 15 hivi na upana wa kilomita 8, jeusi kama makaa.

Kwa muda mrefu mwanadamu aliiogopa nyota hii. Ilipotokea, watu walisema mfalme atakufa, au vita vitazuka, au njaa itaingia. Tusidhani kwamba hofu hiyo ilikuwa ya watu wasiosoma peke yao. Mwezi wa Mei 1910, ilipotangazwa kwamba dunia huenda ikapita katika mkia wa nyota ya Halley, na kwamba mkia huo una gesi ya sumu, watu katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani waliziba nyufa za milango, na wachuuzi wakawauzia vidonge vya kujikinga. Usiku ukapita, asubuhi ikafika, hapana aliyedhurika isipokuwa mifuko ya walionunua vidonge. Tofauti kati ya mwenye hofu na mwenye elimu ilikuwa ndogo sana: mmoja alisikiliza uvumi, mwingine alitoka nje akatazama na kupima.

Nyota hiyo ya Halley ndiyo iliyofungua mlango kwa watazamaji wasio na vyeo. Edmond Halley, Mwingereza, alipiga hesabu mwaka 1705 akaona kwamba nyota za mkia zilizoonekana 1531, 1607 na 1682 zilikuwa ni moja, nayo ingerudi mwishoni mwa 1758. Yeye mwenyewe alifariki 1742 bila ya kuishuhudia. Wataalamu wakubwa wa Ulaya walijitayarisha kuipokea, lakini mtu wa kwanza kuiona ikirudi, usiku wa tarehe 25 Disemba 1758, alikuwa Johann Georg Palitzsch, mkulima wa kijiji kilicho karibu na Dresden, nchini Ujerumani. Palitzsch alijifundisha falaki mwenyewe huku akilima shamba lake. Charles Messier, aliyekuwa akiitafuta huko Paris kwa zana bora, aliiona karibu mwezi mmoja baadaye.

Mifano ya namna hiyo ni mingi. Caroline Herschel, mwanamke aliyeishi Uingereza, aligundua nyota za mkia nane kati ya 1786 na 1797, katika zama ambazo wanawake hawakuruhusiwa kuingia katika vyama vya elimu. Huko Japani, Kaoru Ikeya alikuwa kijana wa miaka 19, mfanyakazi wa kiwanda cha piano, alipogundua nyota yake ya kwanza mwezi wa Januari 1963 kwa darubini aliyoitengeneza kwa mikono yake. Miaka miwili baadaye, tarehe 18 Septemba 1965, yeye na Mjapani mwenziwe Tsutomu Seki, kila mmoja mahali pake na wakiachana kwa dakika chache tu, waliiona nyota ambayo mwezi uliofuata iling'aa hata ikaonekana mchana karibu na jua. Na huko Australia, William Bradfield alitafuta kwa saa zipatazo 260 kabla ya kuipata nyota yake ya kwanza mwaka 1972. Hakuchoka. Hadi mwaka 2004 alikuwa amegundua 18, zote kwa jicho lake kwenye darubini, bila ya msaada wa picha.

Msomaji mwenye busara atauliza: hayo yalikuwa ya zamani, je, leo kazi ya macho haijakwisha? Swali hilo ni la haki, na lazima tulijibu bila ya kuficha kitu. Ni kweli kwamba siku hizi nyota nyingi za mkia hugunduliwa na mitambo. Kuna darubini zinazojiendesha zenyewe huko Hawaii, Chile na Afrika ya Kusini, ambazo hupiga picha za mbingu karibu kila usiku. Chombo SOHO kinachokaa angani kulitazama jua kimefikisha nyota za mkia zaidi ya 5,000, nyingi zikiwa zimetambuliwa na watu wa kawaida walioketi mbele ya kompyuta zao wakichungua picha zake. Kugundua kwa jicho peke yake kumekuwa bahati adimu. Don Machholz wa Marekani aliipata moja kwa njia hiyo mwezi wa Novemba 2018, nayo ilikuwa ya 12 kwake.

Lakini kugundua ni kazi moja na kufuatilia ni kazi nyingine. Nyota ya mkia ni kiumbe kisichotabirika. Mwaka 1973 magazeti ya dunia yaliutangaza ujio wa nyota ya Kohoutek kama sherehe ya karne. Ilipofika ilikuwa hafifu, na watu wakakasirika. Kwa kuona haya, magazeti mengi yakainyamazia nyota ya West iliyofuata, nayo mwezi wa Machi 1976 ikawa miongoni mwa zilizopendeza kupita zote za karne hiyo, huku watu wengi wakiwa wamelala. Mwezi wa Oktoba 2007 nyota ndogo ya Holmes, iliyokuwa haionekani ila kwa darubini kubwa, iliongeza mwanga wake kiasi cha mara nusu milioni katika muda wa siku mbili, ikaonekana kwa macho matupu. Nyota ya ISON, iliyongojewa kwa hamu, ilivunjika ikilizunguka jua tarehe 28 Novemba 2013. Mambo kama haya hayangoji ratiba ya mtambo. Huwapata wale tu walio macho, na walio wengi, na waliotawanyika duniani.

Isitoshe, kumbukumbu ya mwanga wa nyota za mkia kwa muda wa karne mbili na zaidi iliandikwa na watazamaji wa macho. Tukitaka kulinganisha kurudi kwa Halley kwa 1910 na kule kwa 1986, hatuna budi kulinganisha jicho kwa jicho. Mtambo mpya hupima kwa namna nyingine, na mnyororo ukikatika hauungiki tena. Ndiyo maana mpaka leo kuna vyama na hazina za kumbukumbu, kama Chama cha Falaki cha Uingereza na hazina ya COBS iliyoko Slovenia, ambavyo hupokea makadirio kutoka kwa mtu yeyote ayafanyaye kwa uaminifu. Hawaulizi shahada. Wanauliza tarehe, saa, zana na namna ulivyopima.

Tena kuna mahali ambapo mitambo hiyo hupata taabu kuangalia, napo ni karibu na jua, chini kwenye upeo, wakati wa machweo na wa alfajiri. Mwezi wa Agosti 2023 Hideo Nishimura wa Japani, asiye mtaalamu wa kuajiriwa, aliipata nyota ya mkia katika mwanga wa alfajiri kwa kamera yake, mitambo yote ikiwa imeikosa. Nyota ya mkia huzidi kung'aa ikaribiapo jua, kwa hiyo siku zake za fahari aghalabu huwa katika saa hizo za ukingoni.

Hapa ndipo visiwa vyetu vinapoingia. Unguja na Pemba ziko baina ya nyuzi 5 na 7 kusini ya ikweta. Kwa hiyo mbingu karibu yote, ya kaskazini na ya kusini, hupita juu yetu katika mwaka. Mtazamaji wa Ulaya haoni sehemu kubwa ya kusini, na wa Australia hukosa ya kaskazini. Tena kwetu jua huzama wima, na kiza kamili huingia katika muda wa saa moja na robo hivi, ilhali katika nchi za kaskazini wakati wa kiangazi mwanga hukawia usiku kucha. Mashariki yetu ni bahari tupu, haina mlima wala mji. Mwishoni mwa Septemba 2024, nyota ya Tsuchinshan-ATLAS ilipolipita jua, nchi zilizo karibu na ikweta na za kusini ndizo zilizoweza kuitazama vizuri alfajiri, huku sehemu kubwa ya Ulaya ikingoja hadi katikati ya Oktoba. Na juu ya hayo, watazamaji wengi wako Ulaya, Marekani ya Kaskazini, Japani na Australia. Pwani hii ya Afrika ina wachache sana.

Na tuna jambo jingine ambalo haliwezi kununuliwa. Wakati unaofaa kuitazama nyota ya mkia ni wakati ambao watu wetu tayari wako macho. Mvuvi anayetoka na kupwa kwa maji, mama anayewasha moto wa asubuhi, muadhini na wanaomfuata msikitini, wote huiona mbingu ya mashariki kabla ya dunia kupambazuka. Wengi wao wanaijua alfajiri ya uongo, ule mwanga uliosimama kama mnara kabla ya alfajiri ya kweli. Wanafalaki wengi huulinganisha na mwanga wa jua unaorudishwa na vumbi lililotapakaa kati ya sayari, na kwa hesabu za wengi wao sehemu kubwa ya vumbi hilo ilimwagwa na nyota za mkia zilizopita. Kwa hiyo muadhini wa kijijini amekuwa akiyatazama mabaki ya nyota za mkia miaka nenda miaka rudi.

Basi mtu afanyeje? Kazi yenyewe ni nyepesi, lakini yataka subira. Darubini ya mkononi ya macho mawili, ile iandikwayo 7×50 au 10×50, yatosha kwa kuanzia. Chagua siku za giza. Wavuvi wa dagaa wanazijua kuliko sisi, kwani ndizo siku zao za kazi. Kaa kizani nusu saa ili macho yazoee, na ukihitaji kusoma ramani tumia tochi iliyofunikwa kitambaa chekundu. Ukiipata, utaona kama doa la ukungu. Usilikazie macho, tazama kidogo pembeni yake, nalo litadhihirika zaidi. Kisha lilinganishe na nyota ambazo mwanga wao umekwisha kupimwa na kuandikwa. Kwa kuwa nyota ni nukta na hili ni wingu, zungusha kirekebisho cha darubini mpaka nyota zitawanyike zilingane upana na wingu ulilolikariri, halafu ukadirie liko kati ya nyota ipi na ipi kwa mwanga. Pima upana wa kichwa chake, na useme kimekusanyika kiasi gani katikati, kuanzia 0 ikiwa ni ukungu mtupu hadi 9 ikiwa ni kama nyota. Urefu wa mkia waweza kuukadiria kwa ngumi iliyonyooshwa mbele, ambayo ni nyuzi 10 hivi.

Katika kuandika saa, uangalifu unahitajika zaidi kwetu kuliko kwa wengine. Sisi tuna saa za Kiswahili, tuna saa za ofisini, na usiku wetu huanza magharibi. Dunia ya falaki hutumia saa ya pamoja iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Saa kumi na moja ya alfajiri kwetu ni saa 5 ya ofisini na ni saa 2 katika daftari la falaki. Aliyetazama saa nane usiku wa kuamkia tarehe 5 hana budi kuandika tarehe 4, saa 23. Kadirio zuri lenye tarehe mbovu halimfai mtu. Na onyo moja ni la lazima: weka darubini chini kabla jua halijachomoza, kwani kuliona jua kupitia darubini hata kwa nukta moja kwaweza kuua jicho milele.

Sasa twawageukia viongozi wetu. Utajiri huu wa mbingu yenye giza unapungua mbele ya macho yetu. Mwanga wa miji yetu na wa mahoteli ya pwani unaongezeka, na taa nyingi zimewekwa bila ya kifuniko, zikimulika juu na baharini kuliko zinavyomulika njia. Umeme wetu hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, nao hulipiwa. Mwanga unaopotelea mawinguni ni fedha iliyotupwa. Hasara yake haiishii kwenye nyota. Vifaranga vya kasa, ambao hutaga katika fukwe zetu zikiwamo za Misali na Mnemba, huifuata nuru wakidhani ni bahari, wakapotea nchi kavu. Hatupingi taa, wala hatupingi utalii. Kijiji chahitaji usalama na mgeni ahitaji kuona njia yake. Tunachoomba ni taa zenye kofia, ziangazazo chini, zenye mwanga wa wastani, na zizimwe pale ambapo hapana mtu wa kuzihitaji.

Tunaomba Baraza la Manispaa na halmashauri za wilaya ziweke sharti hilo katika vibali vya majengo mapya ya pwani, kwani kofia ya taa ni rahisi kuwekwa siku ya kwanza kuliko kubadilishwa baada ya miaka kumi. Tunaomba masheha na wenye mahoteli wakubaliane angalau ufukwe mmoja wa mashariki katika kila kisiwa uachwe gizani. Tunaomba Wizara inayohusika na elimu ifikirie kuzipa skuli za sekondari darubini moja ya mkononi, ramani ya nyota na daftari. Gharama yake si kubwa, na mwanafunzi atakayejifunza kukadiria, kuandika saa sahihi na kukubali kwamba mbingu imekwenda kinyume na utabiri, atakuwa amejifunza msingi wa sayansi yote. Kadhalika tunaziomba idara za habari ziwaeleze wananchi mapema kila nyota ya mkia itarajiwapo, bila ya kutia chumvi, ili uvumi usitangulie. Magazeti nasi tusirudie makosa ya 1973 ya kupiga kelele, wala ya 1976 ya kunyamaza.

Halley itarudi katikati ya mwaka 2061, na safari hiyo itakuwa upande mmoja na dunia yetu, kwa hiyo inatarajiwa kung'aa kuliko ilivyokuwa 1986. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2025 atakuwa mtu mzima wa miaka arobaini na ushei, mwenye watoto wake mwenyewe. Kabla ya hapo nyingine nyingi zitapita, zenye majina ambayo bado hayajatungwa. Masika yakimalizika na mbingu kutakata, mwenye darubini na aitoe kabatini, na asiye nayo atoke nje kwa macho matupu, aanze kuzijua nyota za kawaida zilizo juu ya nyumba yake. Asiyezijua hizo hataweza kumtambua mgeni siku atakapofika.